Protini za virusi zilizokazwa umbo na chanjo za kifua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na wauguzi, wafamasia, wanafunzi wa maabara na wazazi wa Kigoma Mjini, Ujiji, Kasulu, Uvinza na vijiji vya mwambao wa ziwa. Ya msingi yametangulia, ya pembeni yako mwisho. Jibu likishatolewa mahali pengine, tumekuelekeza kwa namba ya swali.

## Misingi

1. "Protini iliyokazwa umbo" maana yake nini?

Kirusi cha RSV, na kile cha UVIKO-19 vilevile, kina protini juu ya utando wake ambayo kazi yake ni kuunganisha utando huo na utando wa seli ya mtu, ili kirusi kimwage mzigo wake ndani. Ifikirie kama mtego wa panya uliotegwa. Imebanwa, ina nguvu ndani yake, inasubiri kuguswa. Ikiguswa hufyatuka: hunyooka, hujichoma kwenye seli, kisha hujikunja na kuzivuta zile tando mbili mpaka zigusane. Mtego wa panya unaweza kuutega upya. Huu ukishafyatuka, basi.

Kingamwili zinazokizuia kirusi vizuri zaidi ni zile zinazoukamata mtego ungali umetegwa. Kwa hiyo chanjo inapaswa kuuonyesha mwili umbo hilo. Taabu ni kwamba protini ikitengenezwa peke yake maabara, bila kirusi chenyewe, hufyatuka ovyo. Kukaza umbo ni kubadilisha asidi amino chache katika mnyororo wake ili ishindwe kufyatuka, huku sura yake ya nje ikibaki ileile. Katika ukurasa huu tutasema "umbo la kabla" kwa mtego uliotegwa, na "umbo la baada" kwa uliofyatuka.

2. RSV ni nini, na kwa nini kinatajwa kila mara?

Ni kirusi kinachoanza kama mafua ya kawaida, na kwa mtoto mchanga kinaweza kushuka hadi kwenye vijia vidogo vya mapafu. Hapo mtoto hupumua harakaharaka, kifua hubonyea ndani chini ya mbavu, na kunyonya kunamshinda. Duniani kote RSV inakadiriwa kuua watoto wapatao 100,000 wenye umri chini ya miaka 5 kila mwaka, na zaidi ya asilimia 97 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kinatajwa sana hapa kwa sababu nyingine pia: teknolojia yote tunayoieleza ilikomaa kwenye protini ya RSV iitwayo F kabla ya kupelekwa kwenye UVIKO-19.

Mzazi asisubiri jina la kirusi. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 12 anayepumua mara 50 au zaidi, au mtoto yeyote ambaye kifua kinabonyea au hawezi kunyonya, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

3. Je, niliyechomwa Janssen mwaka 2021 tayari nimeshakutana na protini ya namna hii?

Ndiyo. Dozi za kwanza za UVIKO-19 zilizoingia Tanzania Julai 2021 zilikuwa za Janssen, na maelekezo ya kijenetiki yaliyomo ndani yake yanaufanya mwili utengeneze mwiba wa kirusi (protini yake ya kuunganisha tando) uliokazwa kwa asidi amino mbili ziitwazo prolini (swali la 6), na sehemu ya kukatwa na kimeng'enya cha furini ikiwa imeondolewa. Pfizer na Moderna nazo zina prolini hizo mbili. AstraZeneca ilitumia mwiba usiokazwa. Sinopharm ni kirusi kizima kilichouawa kwa kemikali. Tazama swali la 7.

4. Kwa nini chanjo ya RSV ya miaka ya 1960 iliwadhuru watoto?

Swali hili tunalipa nafasi, kwa sababu ndilo linalowatia watu hofu, na hofu hiyo ina msingi. Katika majaribio yaliyofanyika Marekani mwaka 1966 na 1967, watoto walipewa kirusi cha RSV kilichouawa kwa formalini. Walipoambukizwa RSV baadaye, katika kundi moja asilimia 80 ya waliochanjwa walilazwa hospitali, ikilinganishwa na asilimia 5 ya watoto wa kundi la kulinganishia. Watoto wawili walifariki.

Sababu iliyoeleweka baadaye ni hii: matayarisho yale yaliiacha protini F katika umbo la baada. Mwili ukatengeneza kingamwili nyingi zinazoushika mtego uliokwisha kufyatuka, yaani zinazonata bila kuzuia. Kingamwili hizo zilijikusanya pamoja na kirusi kwenye mapafu, na kinga ya upande wa seli ikaelekea njia inayoleta uvimbe kama wa pumu. Watoto wale walikuwa hawajawahi kukutana na RSV halisi, hivyo kinga yao ilijifunza somo baya kama somo la kwanza.

Tangu hapo utafiti wa chanjo ya RSV ulisuasua kwa miongo kadhaa. Hatari hiyo ndiyo inayotufanya tusisitize umbo tangu mwanzo wa ukurasa hadi mwisho. Ona pia swali la 13.

## Jinsi umbo linavyokazwa

5. Wanajuaje mahali pa kukaza?

Kwa kuwa na ramani ya protini hiyo, atomu kwa atomu, katika maumbo yote mawili. Ramani ya F katika umbo la kabla ilipatikana mwaka 2013 na kundi la Jason McLellan, Peter Kwong na Barney Graham katika taasisi ya afya ya taifa ya Marekani. Waliishika F kwa kingamwili iitwayo D25, ambayo hukaa kileleni mwa protini na kuizuia isifyatuke, kisha wakaipiga picha kwa miale ya eksirei ikiwa fuwele. Mahali D25 inapokaa pakaitwa eneo sifuri. Eneo hilo lipo katika umbo la kabla tu. Mtego ukifyatuka linasambaratika.

Ukiweka ramani mbili kando kwa kando unaona sehemu zinazotulia na zinazohama. Zinazohama sana ndizo za kufungwa.

6. Njia za kukaza ni zipi?

Ya kwanza ni daraja la salfa. Unachagua sehemu mbili ambazo katika umbo la kabla zinakaribiana na katika umbo la baada zinatengana mbali, kisha unaweka asidi amino ya sisteini kila upande. Sisteini mbili zikikaribiana hushikana kwa salfa, kama kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Mfano bora ni nafasi ya 155 na ya 290 za F. Katika umbo la kabla zimetengana kwa nanomita 0.44 hivi, katika umbo la baada ni zaidi ya nanomita 12. Kamba ikishafungwa hapo, F haina pa kwenda.

Ya pili ni kujaza mwanya. Ndani ya protini hubaki vishimo vitupu, na kishimo ni nafasi ya kucheza. Ukiweka asidi amino kubwa zaidi inayochukia maji, kishimo kinajaa na sehemu zile zinabanana.

Ya tatu ni prolini. Prolini ni asidi amino ngumu isiyopenda kujinyoosha katika msokoto mrefu. Mtego unapofyatuka, kiungo fulani kilichopinda lazima kinyooke kiwe sehemu ya msokoto huo. Ukiweka prolini kwenye pindo, kiungo hakinyooki. Mwenye kuona kabari chini ya mlango ameshaelewa.

Ya nne ni kuondoa chaji zinazosukumana, au kuongeza zinazovutana. Ya tano ni mshipi wa chini: F na mwiba wa UVIKO-19 huwa vipande vitatu vilivyosukwa pamoja, na utando wa kirusi ukiondolewa vipande huelekea kuachana. Huwekwa foldoni, kipande kidogo kutoka kwenye protini ya kirusi cha bakteria kiitwacho T4, kinachopenda kukaa watatu watatu.

Kwa kawaida njia huchanganywa. Mchanganyiko maarufu wa RSV, DS-Cav1, una daraja la 155 na 290, serini ya nafasi ya 190 ikabadilishwa kuwa fenilalanini, na valini ya 207 ikawa lusini, juu ya foldoni. Mabadiliko manne tu katika protini ambayo mnyororo wake wa awali una asidi amino 574.

7. Prolini mbili za UVIKO-19 zilitoka wapi kwa haraka hivyo?

Haraka ilikuwa ya kazi iliyokwisha kufanywa. Mwaka 2017 ilishachapishwa kwamba prolini mbili kwenye pindo la mwiba wa MERS, kirusi binamu wa kile cha UVIKO-19, zinaushikilia katika umbo la kabla na kuongeza sana kiasi kinachozalishwa. Mpangilio wa vinasaba vya kirusi kipya ulipotangazwa Januari 2020, watafiti walitafuta pindo lilelile na kulikuta kwenye nafasi ya 986 na 987. Machi 16 mwaka huohuo mtu wa kwanza alichomwa chanjo ya Moderna ya majaribio.

Baadaye mwaka 2020 lilitoka toleo lenye prolini 6, HexaPro, ambalo huongeza nyingine kwenye nafasi za 817, 892, 899 na 942. Hilo huzalishwa kwa wingi wa karibu mara 10 na huvumilia zaidi joto na kugandishwa. Kwa nchi inayotaka kuzalisha chanjo yake kwa bei nafuu, hii si tofauti ndogo: lita moja ya seli inatoa dozi nyingi zaidi.

8. Mbona chanjo za mafua ya msimu hazikuhitaji haya yote?

Protini ya mafua, hemaglutinini, hufyatuka inapokutana na asidi ndani ya seli, pH ya 5 hadi 5.5 hivi. Kwenye chupa ya chanjo hakuna asidi hiyo, kwa hiyo hutulia. Tatizo la mafua ni lingine: kichwa cha protini hubadilika mwaka hadi mwaka. Wanaojaribu kutengeneza chanjo ya shina peke yake, ambalo halibadiliki sana, wao hulazimika kukaza, kwa kuwa shina bila kichwa hulegea.

## Ndani ya maabara

9. Protini inatengenezwaje, hatua kwa hatua?

Haya ni makadirio ya maabara ya utafiti, si ya kiwanda.

Jeni lililobadilishwa huagizwa likiwa limeandikwa upya kwa mtindo unaosomeka vizuri na seli za binadamu, kisha huwekwa kwenye plasmidi. Mkia unaozama kwenye utando wa kirusi hukatwa ili protini itoke nje ya seli na kuelea kwenye kimiminika. Nafasi yake huchukuliwa na foldoni, kisha eneo la kukatia, kisha kishikio cha kusafishia, mara nyingi histidini 6 au 8.

Hutumika seli za binadamu za maabara ziitwazo HEK293, zinazoelea, zikiwa milioni 1 kwa kila mililita. Kwa lita moja ya seli chukua miligramu 1 ya plasmidi na miligramu 3 za PEI, kemikali inayoingiza plasmidi kwenye seli, changanya, acha dakika 15 hivi, mwagia. Nyuzi joto 37, hewa ukaa asilimia 8, chupa zikizungushwa. Vuna siku ya 4 hadi ya 6. Ukichelewa seli hufa, zinamwaga vimeng'enya vyao, na protini yako inaliwa.

Zungusha kwa mashine kuondoa seli, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22, pitisha kwenye safu ya nikeli, osha, toa kwa imidazoli. Kata kishikio. Mwisho pitisha kwenye safu inayotenganisha kwa ukubwa. Hapa ndipo unapoona ukweli: kilima kimoja safi mahali pa utatu, yaani vipande vitatu vikiwa pamoja, ni habari njema, kilima kinachotoka mapema kabisa ni mabonge, kinachochelewa ni vipande vilivyoachana.

Wanafunzi huuliza kwa nini wasitumie bakteria, ambao ni rahisi. Bakteria wa kawaida wa maabara hawaweki sukari ambazo protini hizi hubeba, na madaraja ya salfa huwashinda. Unachopata ni mabonge.

10. Unajuaje kwamba ulichopata kiko katika umbo la kabla?

Usiamini uzito peke yake. Kwenye jeli, F iliyokatwa vizuri na kuvunjwa madaraja huonyesha kipande cha kilodaltoni 50 hivi na kingine cha 20 hivi, iwe ya kabla au ya baada. Jeli haioni umbo.

Kinachoona umbo ni kingamwili. Tumia tatu sambamba kwenye ELISA, kipimo kinachoonyesha kingamwili imeshika kiasi gani. D25 hushika umbo la kabla tu. AM14 hushika umbo la kabla likiwa utatu uliokamilika. Motavizumabu hushika yote mawili, kwa hiyo ni ya kuhesabia protini yote iliyopo. Pima siku ya kwanza, kisha gawa sampuli: nyingine jokofuni, nyingine nyuzi 25, nyingine 37, nyingine 50. Rudia baada ya wiki na baada ya mwezi, na uangalie uwiano:

D25 ikishuka na motavizumabu ikabaki, mtego umefyatuka. Zote zikishuka pamoja, protini imeharibika au imeganda mabonge. AM14 ikishuka peke yake huku D25 ikishikilia, utatu unaachana. Jedwali hili dogo limeokoa miezi ya kazi kwa wengi, na tunashangaa linavyorukwa.

Baada ya hapo darubini ya elektroni: F ya kabla huonekana kama yai fupi, ya baada kama msumari mrefu. Majaribio ya mateso huja mwisho: saa moja kwenye nyuzi 50 na 70, pH 3.5 na 10, na kugandishwa na kuyeyushwa mara 10.

11. Mambo gani hukwama mara nyingi?

Sisteini kushikana na mwenzi asiye wake ndilo la kwanza. Unaongeza mbili, zinakwenda kushikana na zilizokuwepo, na protini haitoki kabisa. Dalili yake ni kiasi kushuka karibu na sifuri huku plasmidi ikiwa nzima.

La pili ni kukaza kupita kiasi. Kila badiliko lilikuwa zuri peke yake, ukiyaweka kumi pamoja yanagombana. Yapime moja moja, kisha mawili mawili.

La tatu ni badiliko linalokaa usoni mwa eneo unalotaka kulionyesha. Protini inakuwa imara sana na kingamwili inayotoka haikitambui kirusi halisi. Ndiyo sababu mabadiliko huzikwa ndani kila inapowezekana. La nne ni foldoni yenyewe: mwili huitengenezea kingamwili pia. Hazidhuru, ila ukipima damu kwa protini yenye foldoni utahesabu kingamwili zisizo na kazi. Pimia kwa protini yenye mshipi tofauti.

12. Kuna sehemu ya kazi hii inayoweza kufanywa Kigoma au Tabora bila maabara kubwa?

Usanifu wenyewe, ndiyo. Ramani za protini ni bure kwenye benki ya protini duniani. Pakua 4JHW, ambayo ni F ya kabla ikiwa imeshikwa na D25, na 3RRR, F ya baada. Zifungue kwenye programu ya ChimeraX kwa kompyuta ya kawaida. Pima umbali kati ya nafasi 155 na 290 katika kila moja, uone mwenyewe kilichoelezwa katika swali la 6. Kwa UVIKO-19 tumia 6VSB yenye prolini mbili na 6XKL ya HexaPro. Mafaili ni madogo. Kifurushi cha simu kinatosha.

Zoezi zuri kwa darasa: tafuta jozi nyingine ambazo ziko chini ya nanomita 0.5 katika umbo la kabla na mbali katika la baada, kisha mwambie mwenzako akueleze kwa nini jozi hiyo ingeshindwa. Wanaojaribu hivi huelewa mambo ambayo mihadhara mitatu haifikishi.

## Kliniki na mnyororo baridi

13. Chanjo zipi za RSV zimetokana na kazi hii, na kwa nani?

Arexvy ya GSK iliidhinishwa Marekani Mei 2023 kwa wenye miaka 60 na zaidi: mikrogramu 120 za F ya kabla pamoja na adjuvanti AS01, yaani kiungo kinachoamsha kinga. Abrysvo ya Pfizer ilifuata mwezi huohuo: mikrogramu 60 za F ya RSV aina A na 60 za aina B, bila adjuvanti. Agosti 2023 Abrysvo iliidhinishwa pia kwa wajawazito. Mwaka 2024 ikaja ya mRNA (inayobeba maelekezo badala ya protini) ya Moderna, mRESVIA, kwa wazee.

Mjamzito huchanjwa ili kingamwili zake zivuke kondo la nyuma zimfikie mtoto. Katika jaribio lililofanyika nchi 18, zikiwemo Gambia na Afrika Kusini, chanjo ilipunguza ugonjwa mkali wa RSV kwa asilimia 81.8 katika siku 90 za kwanza za maisha na 69.4 katika siku 180. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila nchi ilete ama chanjo ya mama, kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, ama nirsevimabu. Hiyo ya pili ni kingamwili iliyokwisha tengenezwa, mzao wa ile D25 ya swali la 5. Mtoto huchomwa mara moja, miligramu 50 akiwa chini ya kilo 5, au 100 akiwa na kilo 5 na zaidi.

Mtoto mchanga mwenyewe hachanjwi kwa protini hizi. Historia ya swali la 4 bado inatisha, na mwaka 2024 majaribio ya chanjo za mRNA kwa watoto wachanga yalisimamishwa baada ya ugonjwa mkali kuonekana zaidi kwa waliochanjwa. Umbo sahihi ni la lazima, lakini kwa mwili usiowahi kukutana na RSV peke yake halijathibitika kutosha.

14. Kadi ya kliniki ya mwanangu ina PCV. Si ndiyo hiyo?

Hapana. PCV hukinga dhidi ya bakteria wa nimonia, na Penta ina kinga ya bakteria mwingine wa nimonia. Zote ni muhimu na mtoto azimalize, ila hazigusi RSV. Chanjo yoyote mpya hupita kwanza TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, kabla ya kufika kituoni. Usinunue kwa mtu binafsi.

15. Madhara ya chanjo za RSV ni yapi?

Ya kawaida ni maumivu pale sindano ilipochoma, uchovu, kichwa kuuma, misuli kuuma. Mawili yanahitaji kusemwa waziwazi.

Kwanza, kwa wazee, Januari 2025 mamlaka ya Marekani iliagiza onyo kuhusu ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga hushambulia mishipa ya fahamu na kulegeza miguu na mikono. Makadirio ni visa vya ziada 7 kwa Arexvy na 9 kwa Abrysvo kwa kila dozi milioni moja, kwa wenye miaka 65 na zaidi. Pili, GSK ilisimamisha jaribio lake kwa wajawazito Februari 2022 kwa kuwa watoto njiti walikuwa asilimia 6.8 kwa waliochanjwa na 4.9 kwa wasiochanjwa. Kwa Abrysvo tofauti ilikuwa 5.7 dhidi ya 4.7, ambayo kitakwimu haikutosha kusema chanjo ndiyo sababu. Hofu hiyo ndiyo iliyofanya Marekani ianzie wiki ya 32. Mama anayeuliza haya anastahili kujibiwa kwa namba, siyo kutulizwa.

16. Chanjo ikiganda au ikipata joto njiani, mfano kwenye boti ya kwenda Kalya, bado inafaa?

Chanjo za protini hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyoganda hutupwa. Maji yakiganda, chumvi husongamana kwenye kona zilizobaki, pH huhama, na protini hukwaruzwa na fuwele za barafu. Liposomu za AS01 nazo hupasuka. Huwezi kuyaona hayo kwa macho. Jaribio la kutikisa mnalolijua kwa Penta halifai hapa, kwa sababu linasoma chanjo zenye alumini tu.

Kwa safari ya ziwani hatari kubwa ni kuganda saa za mwanzo, kuliko joto la mchana. Toa mabarafu kwenye friza, yaache mezani mpaka yatoe jasho na usikie maji yakicheza ndani, ndipo uyapange kwenye kisanduku. Weka kipimajoto katikati ya chupa, si juu ya barafu. Kisanduku kikae kivulini, mbali na injini.

Ukichanganya unga na maji yake, zungusha chupa taratibu. Ukitikisa kwa nguvu povu hutokea, na kila kiputo ni uso wa hewa ambao protini hujinyoosha juu yake na kuharibika. Iliyochanganywa itumike ndani ya saa 4, isigandishwe.

17. Protini hii inaweza kuniambukiza au kubadili vinasaba vyangu?

Hapana. Haina vinasaba vya kirusi, na imekazwa hasa ili isiweze kuunganisha tando. Za mRNA hubeba maelekezo ambayo hayaingii kwenye kiini cha seli na huvunjwavunjwa baada ya siku chache.

## Maswali ya pembeni

18. Sokwe wa Gombe na Mahale wanahusikaje?

Zaidi ya watu wanavyodhani. RSV kiligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe waliofungiwa maabara Marekani wakiwa na mafua. Mwaka uliofuata kikapatikana kwa watoto. Virusi vya kifua vya binadamu huwaua sokwe. Mwaka 2006, katika mlipuko wa ugonjwa wa kifua kwa sokwe wa Mahale, kilipatikana kirusi cha jamii ya metapneumo kinachofanana na cha binadamu.

Ndiyo maana Mahale mgeni huvaa barakoa, hukaa mita 10 na sokwe, na mwenye mafua hapandi mlimani. Waongoza wageni na wapagazi wa vijiji vya jirani wanaliweza hili kuliko chanjo yoyote iliyopo leo.

19. Metapneumo nacho kinakazwa vivyo hivyo?

Njia ni zilezile za swali la 6, matokeo ni tofauti. Kilele cha F yake kimefunikwa na sukari, kwa hiyo kingamwili nyingi nzuri hushika sehemu zinazofanana katika maumbo yote mawili. Faida ya umbo la kabla ni ndogo kuliko kwa RSV. Kinachopatikana zaidi ni protini inayotulia na kuzalishika. Pia haikatwi na furini, hivyo ukitaka iliyokatwa lazima uongeze kimeng'enya kingine.

20. Tumeambiwa baridi hutunza. Mbona mwiba wetu wa prolini mbili uliharibika jokofuni?

Hili huwakuta wengi, nao hulaumu jokofu. Mwiba usio na utando, wenye prolini mbili, hulegea taratibu ukihifadhiwa nyuzi 4: utatu hufunguka na kingamwili zinazotaka utatu kamili hushindwa kushika. Nguvu zinazoficha sehemu zinazochukia maji hupungua kwenye baridi, na muundo ulio karibu na kuachana huachana.

Kabla ya kuutupa, uweke nyuzi 37 kwa saa 3 kisha upime tena. Mara nyingi hurudi. Kwa kuhifadhi, ugawanye katika mikrolita 50, ugandishe papo hapo kwenye naitrojeni kimiminika, weka nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Au hamia HexaPro, inayostahimili baridi zaidi. Haya ni ya protini ya maabara. Chanjo za kituoni zifuate kibandiko chake, kama ilivyo katika swali la 16.